Mbwa Mweusi Aliyetoka Mweupe

Kofi la kwanza nililipata Alhamisi, saa tisa alasiri, mkono mmoja umeshika brashi ya mbwa na mwingine umeshika simu. La pili ndilo lililoniangusha chini.

Lakini nisiende mbio. Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelifutia vioo kabla hajalisoma, nimekuwa nikisimulia jinsi duka langu la kuogesha mbwa na paka lilivyonitia balaa juu ya balaa. Mbia wangu alinikimbia, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, likitazamana na letu, na akaondoka na jina letu lote kama lilivyo. Nilipomfuata kulidai jina, alinifungulia mbwa, nikarudi nyumbani na suruali ya mguu mmoja. Hapo ndipo mke wangu aliposema tusilie kama watoto. Mwaka unaisha, tupange kila kitu upya: jina, rangi, nembo, bango, kalenda, ili Januari itukute watu wapya.

Wengi mmenipigia simu mkiicheka ile suruali. Chekeni tu. Ya leo haina kicheko, na ndani yake kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata polisi.

Mpango wa mwaka mpya tuliubandika ukutani, juu ya beseni la kuogeshea, karatasi nne zilizoungwa kwa gundi. Mke wangu alikuwa amekwenda semina ya siku moja ya wafanyabiashara wadogo, akarudi na kalamu ya bure na maneno mengi.

"Watu hawalipii sabuni," aliniambia. "Wanalipia kumwona mbwa wao amekuwa mwingine. Tunataka picha mbili. Kabla na baada. Ziwe kubwa, zionekane mpaka kule kwa yule mwizi wa majina."

"Na katikati yake?"

"Katikati tunaweka uso wa duka. Mtu anayetabasamu."

Nikatabasamu.

"Si wewe. Wewe ukitabasamu mbwa wanarudi nyuma. Mdogo wangu."

Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ndiye dereva wetu. Huwafuata mbwa majumbani kwa gari dogo la mizigo na kuwarudisha wakinukia. Wazazi wao walifariki akiwa darasa la sita, na mke wangu ndiye aliyemlea, akamvalisha, akamsomesha, akampigania kwa walimu. Ukimgusa huyo kijana umemgusa mke wangu mboni ya jicho. Ana meno mazuri, hilo siwezi kubisha. Wateja wa kike walikuwa wakileta mbwa wasio na uchafu wowote.

Basi uso ukawa wake. Mimi niliachiwa kutunga maneno, nikatunga haya: ANAINGIA MMOJA, ANATOKA MWINGINE. Nilijiona nina akili kuliko semina nzima.

Kilichobaki kilikuwa mbwa. Tulihitaji mbwa mmoja wa kutikisa watu, na kila tuliyemwosha alitoka yuleyule, isipokuwa ananukia.

Ndipo Alhamisi asubuhi akaja Injinia.

Injinia ni msimamizi wa mafundi ujenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya, kwa sababu ana mikono kama koleo. Alimvuta mbwa mkubwa, mweusi tii, mwenye huzuni.

"Anaitwa Makaa," alisema. "Ananuka, mpaka mafundi wanakula mbali naye."

"Umempata lini?"

"Juzijuzi tu. Aliyeniuzia alinionya nisimwogeshe mpaka Februari, eti ngozi yake ni ya aina ya peke yake. Sasa Februari nitafikaje? Jumapili nina wageni. Nataka ang'ae."

Nikacheka, nikasema atang'aa. Kila mbwa anayeingia kwetu tunampiga picha mlangoni, basi nikampiga na huyo. Hiyo ndiyo picha ya kabla.

Nilikuwa peke yangu. Mke wangu alikuwa amekwenda kununua shampuu ya viroboto, na shemeji alikuwa ameondoka tangu Jumatano kuwachukua mbwa wa mteja mmoja wa mbali, arudi Jumamosi.

Maji ya kwanza yalitoka meusi. Nikasema matope. Maji ya pili yalitoka meusi kuliko ya kwanza, na pamoja nayo ikapanda harufu ya siki.

Niwaeleze habari ya siki. Wapo wateja wenye mbwa wazee ambao hawapendi kuona mvi za mdomoni. Sisi huzipaka rangi ya nywele, na ili rangi ishike kwenye manyoya tunaichanganya na siki kidogo. Ni siri ya duka letu. Hata yule mbia aliyeondoka na jina hakuondoka na siki, kwa sababu mke wangu aliigundua baada ya yeye kwenda. Watu waliokuwa wakiijua walikuwa watatu tu: mimi, mke wangu na shemeji.

Mtu mwenye akili angefunga bomba, akakaa chini, akajiuliza. Mimi niliongeza sabuni.

Chini ya ule weusi alitokea mbwa mweupe. Mweupe kabisa, mwenye baka la kahawia kwenye jicho moja na kovu refu mgongoni. Nilipomaliza kumkausha nilisimama nikamtazama kama mtu aliyemtengeneza. Nikachukua simu, nikampiga ya baada, mara ishirini.

Nilijua mbwa huyo ana neno. Nilijua pia neno hilo ni la shemeji. Nikajiambia nitamuuliza akirudi, na moyoni nikasema hii ndiyo picha.

Mke wangu aliingia na dumu la shampuu. Alipomwona mbwa, dumu likamponyoka, likapasuka sakafuni.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Wa Injinia. Ameingia mweusi, tazama alivyotoka!"

Mbwa naye alikuwa ameinuka. Akarudisha masikio nyuma, akamwonyesha mke wangu meno yote. Nilishangaa, kwa sababu hakuna mbwa asiyempenda mke wangu. Hata wale wakali humlalia miguuni.

"Amenusa paka," alisema, akaificha mikono kwenye aproni. Wa kushoto ulikuwa na bendeji tangu wiki iliyotangulia. Paka alimparura, aliniambia, nami sikuuliza zaidi. Kwa kazi yetu mtu asiye na bendeji ndiye wa kuulizwa.

"Hii rangi ina siki," nikasema.

"Siki iko kila duka."

"Mdogo wako..."

"Mdogo wangu hayupo, usimsingizie. Mpake rangi yake, mrudishie mwenyewe, na hizo picha uzifute. Bango tutatumia ya yule paka tuliyemwosha juzi."

"Paka alitoka vilevile!"

"Nimesema uzifute."

Hatukumaliza kubishana. Injinia alirudi kabla ya wakati, akamtazama mbwa mweupe, akatazama huku na huku, akauliza yuko wapi Makaa. Nikamwambia kwa tabasamu, huyu hapa. Ndipo kofi la kwanza.

"Mbwa wangu yuko wapi?"

"Ndiye huyu!"

La pili. Nikaangukia ndani ya ile shampuu iliyomwagika, nikateleza, nikakipiga kichwa kwenye mguu wa beseni. Injinia akaniinua kwa kola, mapovu yakinichuruzika, akanibana ukutani hadi karatasi ya mpango wa mwaka ikachanika kati ya Machi na Aprili.

Aliyeniokoa ni mbwa. Alimjia Injinia, akamlamba mkono, akaketi kama alivyozoea kuketi kwake. Injinia akaniachia polepole.

"Mungu wangu. Ni yeye. Lakini mimi niliuziwa mweusi."

"Na nani?"

"Na nani tena? Na dereva wako. Yule wa meno."

Mke wangu alitoka akaenda nyuma. Nilisikia bomba likifunguliwa na kuachwa wazi.

Injinia akasema hamtaki mbwa mweupe, mweupe huonyesha vumbi la saruji. Atarudi Jumamosi amkute mweusi kama alivyomnunua, vinginevyo ataubomoa ukuta mmoja wa duka, na akanionyesha upi.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu aliyechoka kudharauliwa. Ijumaa nilimwambia mke wangu nakwenda kununua rangi. Nikaenda kwa mchapaji. Nilimpa picha mbili za mbwa, nikampa na ile ya shemeji iliyokubaliwa kwenye mpango, nikamwambia aiweke katikati, meno yote yaonekane.

"Bosi, hili litauza," mchapaji alisema.

Naam. Nilijua shemeji ana makosa, na bado nikauweka uso wake katikati ya makosa yake, mita tatu kwa mbili. Nilijiambia mpango ni mpango. Lakini nilipokuwa nikirudi na bango begani nilijisikia vizuri, vizuri sana, kuliko mtu aliyefuata mpango tu.

Jumamosi saa moja na nusu nilipanda ngazi nikalifunga juu ya mlango. Ng'ambo ya barabara mbia wangu wa zamani alitoka na kikombe chake, akasoma, akarudi ndani bila kunywa. Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi.

Saa mbili kasoro akafika mke wangu. Alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi.

"Shusha."

"Mpango ni wako."

"Nimesema shusha! Hujui ulichofanya. Shusha kabla hawajaona!"

"Nani hawajaona?"

Alipanda ngazi mwenyewe, akalishika bango kwa meno na kwa kucha, akakata kamba ya upande mmoja. Uso wa mdogo wake ukaning'inia ukipepea. Hapo hapo lori la mbao likapita, likafunga breki, likarudi kinyumenyume.

Alishuka mama mmoja mnene, amevaa buti na glovu za kazi. Nilimfahamu kwa sura, wote humwita Mama Mbao, ana yadi ya mbao mitaa sita kutoka kwetu. Nyuma yake wakashuka wapakiaji watatu. Alilisoma bango taratibu, kidole kikifuata herufi.

"Anaingia mmoja, anatoka mwingine," alisoma. "Mmeandika wenyewe."

Kisha akaita kwa nguvu, "Karani!"

Ndani ya duka kitu kikapiga kelele. Sijui niiteje, haikuwa sauti ya kubweka. Yule mbwa mweupe alivunja wavu wa chumba cha kusubiria, akaupitia mlango wa kioo bila kuusubiri ufunguliwe, akatua barabarani na vipande mgongoni, akamwangukia Mama Mbao kifuani. Mama mzima akakaa chini kwenye lami, akalia huku akimtoa vioo kwenye manyoya.

Alipoinuka hakuwa akilia tena.

"Baba yangu alikuwa akilinda yadi," aliniambia. "Ana miaka sabini na mbili. Wamempiga nondo ya kichwa, wakachukua mbwa. Leo siku ya kumi na moja. Mimi mwanawe nikiingia hospitali ananiuliza, wewe nani. Sasa na mimi nakuuliza. Wewe nani?"

Nilifungua mdomo nieleze. Mpakiaji wa kwanza akaufunga kwa ngumi.

Nilipigwa, ndugu zangu. Waliniburuta ndani juu ya vioo vile vile. Walivunja kabati la dawa, wakavunja kioo cha ukutani, wakaning'oa jino moja na kulegeza la pili. Mashine ya kukaushia waliing'oa na waya wake wakanipiga nayo mbavuni, nikasikia kitu kikilia ndani ya mashine na kingine kikilia ndani yangu. Halafu mmoja akaiona meza ya kunyolea.

Meza hiyo ina mti wa chuma, na juu ya mti kuna kitanzi cha kumshika mbwa shingo asiruke wakati wa kunyolewa. Wakanipandisha mezani kwa magoti, wakanivika kitanzi, wakakaza. Miaka minane nimewavika mbwa kitanzi kile nikiwaambia watulie, hakiumi. Kinauma.

"Nani alimleta mbwa?" Mama Mbao aliuliza.

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama penye beseni, na kwa macho yake alikuwa akiniomba. Wakakaza tundu jingine. Nikaona nyota.

"Mwacheni mume wangu!" Mke wangu alirusha beseni dogo, kisha akaja na ule mkasi mrefu wa manyoya. Mpakiaji aliyeshika kamba alinyoosha mkono amzuie, na mkasi ukapita katikati ya kiganja chake, ukatokea upande wa pili. Yule bwana alilia kama mtoto. Damu iliruka ikafika kwenye mpango wa mwaka, ikachafua Juni yote. Mke wangu hakusimama. Aliuchomoa, akakata kitanzi, nikaanguka kutoka mezani kama gunia.

Karani akamrukia. Mama Mbao alimwahi kwenye mkanda wa shingo.

"Kwa nini anakukoromea wewe?" alimuuliza mke wangu. "Huyu hamkoromei mtu bure. Tulimpa jina la Karani kwa sababu akishakuandika hakufuti."

"Ananusa paka kwangu," alisema mke wangu, akihema.

Nilimtazama. Mara ya pili hii, paka.

Injinia akaingia wakati huo huo, akikanyaga vioo, amekuja kumchukua Makaa wake. Alipoona mbwa bado mweupe na yuko mikononi mwa mtu mwingine, hakusalimu mtu. Akamkamata Karani mguu wa nyuma. Mpakiaji wa pili akamkamata Injinia. Injinia akamwinua mzima mzima, akamtupa ndani ya beseni la kuogeshea. Wa tatu akamvunjia ubao wa meza mgongoni, na Injinia akageuka kumtazama tu, kama mtu aliyeitwa jina.

"Nimenunua!" alinguruma. "Mbwa huyu nimenunua!"

"Kwa nani?" Mama Mbao akapaza sauti.

"Kwa huyo anayecheka nje hapo!"

Wote tukageuka. Kupitia mlango usio na kioo lilionekana bango likiwa limening'inia upande mmoja, na uso wa shemeji ukitutabasamu kichwa chini.

Yule mwenye kiganja aliendelea kuugulia.

"Anarudi saa ngapi?" Mama Mbao aliniuliza, taratibu.

Nilikuwa bado na kipande cha kitanzi shingoni. Honi ya gari letu dogo ililia nje mara mbili, kama anavyoipiga siku zote akiwa na furaha.

Mama Mbao alipanga watu wake haraka. Wawili nyuma ya mlango. Kamba ya Karani akanitupia mimi.

"Mshike. Wewe amekuzoea na ndiyo kazi yako. Simtaki huyo kijana maiti, umenisikia? Namtaka mzima. Namtaka asimame mbele ya baba yangu aseme alimfanyia nini, kisha aende polisi kwa miguu yake. Ukimwachia huyu mbwa nitakula sahani moja na wewe."

Nikaizungusha kamba mara mbili kwenye ngumi yangu. Hivyo ndivyo tunavyoshika mbwa mkubwa. Mara mbili kwenye ngumi haiponyoki, hata mbwa awe na nguvu za punda. Likumbukeni hilo.

Shemeji alisikika akicheka nje.

"Duh, shemeji! Mbona mmenigeuza kichwa chini? Lakini nimetokea, eh?"

Aliingia amevaa fulana mpya ya duka, ile tuliyokubaliana ivaliwe kuanzia Januari. Hakuweza kungoja. Hatua ya kwanza aliona vioo. Ya pili aliona damu. Ya tatu alimwona mbwa mweupe, na meno yake mazuri yakafunikwa.

Wapakiaji wakaziba mlango. Karani hakubweka. Alishusha kichwa, manyoya ya mgongoni yakasimama kando ya lile kovu, akaanza kuvuta. Alikuwa akivuta moja kwa moja kuelekea shingoni mwa kijana, na mimi nikarudi nyuma kwa visigino, kamba ikinikata mkono.

"Shika!" alilia mke wangu.

"Shika!" aliamuru Mama Mbao.

Shemeji alipiga magoti juu ya vioo.

"Shemeji, nakuomba, mshike huyo mbwa. Nitasema. Nitasema kila kitu. Sikutaka kumuumiza mzee, aliamka tu, akanimulika tochi usoni, nikapiga. Nilipiga mara moja."

"Daktari amesema mara nne," Mama Mbao alisema.

"Basi nne. Nitasema yote. Lakini sitafungwa peke yangu, mama, sikubali, sikuwa peke yangu pale. Kuna aliyenishikia mbwa. Alimfunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe, akaumwa, tukapita dukani kufunga kidonda ndipo tukapaka rangi. Waulize hapa. Muulizeni..."

Nikamtazama mke wangu.

Hakuwa akimtazama mdogo wake. Alikuwa akinitazama mimi. Polepole, kama mtoto aliyekutwa na sukari, aliurudisha mkono wa bendeji nyuma ya mgongo. Mwanamke aliyenikatia kitanzi shingoni dakika tano zilizopita. Nilimpenda siku ile kuliko siku niliyomwoa, na nilimwogopa, na vyote viwili vilinijia kwa wakati mmoja.

"Sema jina," Mama Mbao alisema.

Kijana akafungua mdomo.

Polisi waliandika kwamba kijana aliuawa na mbwa, baada ya kamba kumponyoka mwenye duka kutokana na majeraha aliyokuwa nayo. Mama Mbao aliapa mbele yao kwamba ndivyo alivyoona. Hata mke wangu, usiku akinibadilishia bendeji, huniambia nisijilaumu, mbwa alikuwa na nguvu.

Niliizungusha mara mbili kwenye ngumi. Ili itoke ilinibidi nizungushe mkono kinyume mara moja, halafu mara ya pili, halafu nifungue vidole.